Zamani Yenye Bantu Habakukuwa Banauana

Mwana yangu, acha nianze na haya yangu mwenyewe, juu kama sisemi mie, jirani ataisema na ataongeza chumvi. Ile siku bantu ba avenyu yetu balitaka kuua Kabwe juu ya maneno yenye ilitoka mu kinywa yangu, mie nilikuwa nimejificha mu musalani. Nilishikilia mulango na mikono mbili. Suruali nilikuwa nimeiteremusha mpaka ku magoti, ili kama muntu anafungua, aone kama niko na kazi mule ndani. Sikukuwa na kazi. Hata woga haikunipatia kazi.

Nakumbuka ile siku kupita siku ya ndoa yangu. Bibi yangu anajua. Alikasirika, kisha akaacha.

Bazee bengine banaambiaka batoto makosa yenye balifanya wakati bangali bijana, na banaisema na raha, juu ule kijana mwenye alikosa iko mbali sasa, ni kama muntu mwingine. Mie sina ile bahati. Makosa yangu ya ujana niliifanya niko na myaka makumi sita na mbili, na mvi, na bajukuu. Nilichelewa mu kila kintu. Ku masomo nilifika mwaka ya pili ya sekondari, kisha tukaachana na mwalimu wa hesabu: yeye alikuwa anataka majibu, mie nilikuwa na maulizo tu. Nikajifunza kushona bilatu. Mpaka leo, pale ku commune ya Kenya, ile ya mu muji yetu, haiko inchi ya Kenya, kama soli ya kilatu yako inafungua kinywa, banakuelekeza kwangu.

Lakini haiko bilatu njo ilinipa jina. Ni bunungwe, ule utani ya ukoo na ukoo. Weye ulizaliwa mu muji, pengine habakukuelezea muzuri. Ukoo yetu ni bantu ba Mvula. Kuko ukoo ingine, bantu ba Uyoga. Shiye tunabaambiaka kama bila mvula uyoga haioti, basi shiye njo bazazi babo. Nabo banajibuka kama mvula inapita tu, ni uyoga njo inafika ku sahani. Tunachekana vile tangu bankambo, babu zetu. Na siku muntu wa Uyoga anakufa, ni shiye ba Mvula tunaenda kuchekesha kilio. Munungwe anaweza kuvaa koti ya marehemu. Anaweza kulala mu kaburi na kusema ni kitanda yake, mpaka bamubembeleze njo atoke. Anaweza kutukana marehemu mbele ya mama yake, na mama anacheka na machozi mu macho. Kuko sheria moja tu: munungwe hajibiwe. Anasema yenye anasema, na weye unanyamaza. Kama unamukasirikia, ni weye umeharibu kilio.

Shika ile sheria mu kichwa, mwana yangu. Njo ile ilibakia kidogo iue muntu.

Chola, mutoto wa Mama Musonda, alikuwa muntu wa Uyoga. Alikuwa anatumika kule Kasumbalesa, ku mupaka, anasaidia bashofere ba makamyo na makaratasi ya duane, ya forodha. Siku moja balimukuta pembeni ya barabara, amechomwa kisu. Simu yake hakuna, begi yake hakuna. Balimurudisha nyumbani, na kilio ikakuwa mu lupango, kiwanja ya mama yake, avenyu yetu: bamama ndani juu ya mikeka, banaume inje chini ya bâche, turubai, juu ya biti ya plastiki.

Nilifika asubuyi, na nilikuwa mu fomu. Nilivaa bilatu ya Chola, ya kushoto ku muguu ya kuume, nikatembea kama bata. Nikapima sanduku ya maiti na kamba yangu ya kushonea, nikasema hii sanduku ni ya muntu murefu na Chola alikuwa mufupi, basi bamekosea maiti, tuirudishe. Nikamuuliza mwenyewe mule ndani nani alimupa ruhusa ya kulala wakati bageni banafika. Bantu balicheka. Mama Musonda alicheka mpaka alishika mbavu, kisha akalia kupita mbele. Njo kazi yetu ile. Muntu mwenye amefunga ndani, tunamufungua.

Ningeishia pale, leo singekuwa na kintu ya kukuambia. Lakini kicheko ilinilewesha. Niliona macho yote iko kwangu, na nikasikia kama haitoshe tena. Nilitaka bantu baseme pia kama niko na akili. Muntu mwenye aliacha masomo njiani, iko na ile ugonjwa: umupe bantu ba kumusikiliza, mara moja anakuwa profesere.

Nikapandisha sauti. Nikasema zamani, wakati ya ujana yetu, pale Kenya, muntu alikuwa anakufa na homa, ao na uzee, ao na kazi ya mine, ya kuchimba. Nikasema hakuna muntu alikuwa anaua mwenzake, na tulikuwa tunalala mulango wazi. Nikasema kuua bantu imeletwa na bijana ba leo, na masimu zabo, na matukutuku zabo, ni kusema pikipiki. Bazee balikuwa banaitika na bichwa, juu nani atakatala kama unasifu ujana yake? Na mie, kuona bile bichwa binapanda na kushuka, nikatafuta mufano. Jicho ikaangukia Kabwe.

Kabwe alikuwa muntu wa myaka makumi tatu hivi, kutoka Lukafu. Alikuwa anapanga chumba ku avenyu yetu, na bibi yake na mutoto wa kunyonya, na alikuwa anabeba bantu na tukutuku. Asubuyi ya mwisho ya Chola, njo yeye alimubeba mpaka ku bisi ya Kasumbalesa. Avenyu nzima ilijua. Nikamuonyesha na kidole, nikasema, "Huyu njo wa mwisho kumubeba Chola. Muangalie hii sura. Mumuulize alimufikisha wapi."

Nilikuwa nacheka. Ninakuapia. Ndani yangu ilikuwa ile ile kicheko ya sanduku.

Kabwe alifungua kinywa, kisha akaifunga. Alijua sheria. Akaangalia chini, akaanza kuzungusha ufunguo ya tukutuku mu bidole. Na pale chini ya bâche kulikuwa bantu benye machozi ilishaisha, benye balibakia na hasira tu, na habakukuwa na mahali ya kuiweka. Baliona muntu anaulizwa na hajibu. Sauti moja ikatoka nyuma, ikasema, "Si munaona, ananyamaza." Mpaka leo sijue ilikuwa ya nani. Kiti moja ikaanguka. Kisha biti mingi.

Hapa njo ningependa kukuambia kama nilipiga makelele, kama nilisema hapana, ilikuwa muchezo. Nilisema kweli. Niliambia mulango ya musalani.

Nilikuwa nasikia fimbo. Nilikuwa nasikia bibi ya Kabwe anaita majina ya bantu moja moja, majina ya majirani, kama muntu anaamusha benye balilala. Kisha nikasikia muntu anaomba esanse, mafuta ya tukutuku. Mwana yangu, weye pia unajua mu muji yetu esanse ni ya kazi gani, wakati bantu bamezunguka muntu mwenye iko chini.

Kisha fimbo ikaacha. Nikachungulia mu tundu ya mulango.

Mama Musonda alikuwa ametoka ku mukeka. Kwetu mama wa maiti hatokake ku mukeka mbele ya kuzika, hata kwenda kunawa banamusindikiza na banamufunika kitambaa. Yeye alitoka peke yake, miguu bila kilatu, kichwa bila kitambaa, akapita katikati ya banaume, na kila mwenye alimuona aliangusha mikono, juu hatukuwahi kuona kintu ya vile. Hakupiga makelele. Alikaa. Alikaa juu ya mugongo ya Kabwe, vile muntu anakaa ku kiti kidogo ya jikoni, akanyoosha miguu mbele.

"Niko na maiti moja mu nyumba," akasema. "Mwenye anataka kuniletea ya pili, anipitie mie kwanza."

Mwenye alikuwa na bidon ya esanse aliiweka chini pole pole, sawa bidon ya muntu mwingine.

Kabwe alitoka na mukono ya kuvunjika na meno mbili ya kutoka. Kesho yake, bamama babili ba soko balikuja kusema kama ile siku Chola alikufa, muchana muzima, Kabwe alikuwa anabeba mifuko yabo ya makala ya kupikia pale pale Kenya. Bapolisi nabo balisema ni bezi ba kule ku mupaka, na majina yabo hatukuipata mpaka leo. Bantu balisikia, balisema kumbe, balisema masikini. Lakini kama Kabwe anapita, mazungumuzo inakatika. Tukutuku yake hakuna tena muntu aliita. Ni yeye alikosewa, na njo yeye alikuwa anatembea na kichwa chini.

Siku ya tano nilienda kumuona. Nilibeba sukari na mukate, sawa muntu anaenda kuangalia mugonjwa mwenye hakumupa ugonjwa. Bibi yake alipokea sukari, hakunipa kiti. Kabwe alikuwa amelala, mukono mu plastere. Nikaanza kuomba musamaa, na mie, unanijua, sijuake kufanya kintu mufupi. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza, na hakukuwa na hasira, njo yenye ilinisumbua zaidi. Aliuliza kama muntu anaulizia njia.

"Papa Mwape, ulisema zamani bantu habakukuwa banauana. Ulijua namna gani?"

Nikasema kila muntu anajua.

"Nani alihesabu?"

Mwana yangu, myaka makumi sita na mbili, na ile ilikuwa mara ya kwanza muntu ananiuliza. Nilitafuta jibu mu mifuko ya koti.

Akaniambia anangojea tu mukono ipone. Bibi yake halalake tena. Kama mukono inapona, banarudi Lukafu kulima. Lakini siku ya kumaliza kilio, siku ya makumi ine, munungwe anasimamaka tena kusema mbele ya bote, na yeye atakuja kusikia. "Kama unasema uongo tena, naenda," akasema. "Kama unasema kweli, tutaona. Lakini useme yenye unajua, Papa. Usiseme yenye inapendeza bazee."

Basi nilikuwa na siku makumi tatu na kidogo ya kujua kintu.

Sasa niko na rafiki, Ilunga. Ni mutoto wa muntu wa reli kutoka kaskazini ya Katanga, mukatoliki wa misa ya kila asubuyi, na anaandikaka majina ku misalaba ya makaburi. Baba yake alianza ile kazi kisha kuacha reli. Mu atelier yabo, pahali ya kazi, ku njia ya makaburi, kuko malle, sanduku kubwa ya chuma yenye imejaa makaye, madaftari: kila jina yenye baba na mutoto balishaandika, na mwaka, ili kama rangi inatoka, familia inarudi na banakuwa na pa kuangalia. Na pembeni ya majina ingine kuko tone ya rangi nyekundu. Ilunga alishaniambiaka kama ni bale benye balikufa ku mukono ya muntu. Baba yake alikuwa anabaweka tone juu alikuwa anabaombea mara mbili.

Nikaenda, nikamuambia Ilunga nataka kuona zamani. Akaniangalia juu ya miwani.

"Unatafuta kweli," akauliza, "ao unatafuta kutoka mu musalani?"

Nikasema yote mbili. Akafungua malle.

Nilikuwa na hakika. Nilitafuta moja kwa moja makaye ya ile myaka nilikuwa naimba ku korali na kuchunga goli ya mupira siku ya yenga, Jumapili. Nilikuwa nangojea makaratasi safi, bila tone hata moja, ili nimuonyeshe Ilunga na kumuambia, unaona. Ku karatasi ya kwanza kulikuwa tone. Nikasema ile ni ajali ya rangi. Ku karatasi ya tatu, ingine. Nilikuwa nafungua pole pole sasa, kama muntu anafungua sufuria ya jirani. Kisha nikasoma jina ya Mutale.

Nikamuambia Ilunga kama hapa baba yake alikosa. Mutale nilimujua, tulikula mu sahani moja. Alikufa na homa.

"Baba yangu njo alipima sanduku," Ilunga akasema. "Homa haipasulake kichwa."

Nilitaka kubisha. Lakini ile siku ikanirudilia mu kichwa. Siku ya yenga, avenyu yetu na avenyu ingine, goli yenye balikatala, makelele, na jiwe. Mutale alianguka karibu ya goli yangu. Nilikuwa na myaka kumi na munane. Nilikimbia, unaona kama ile tabia haikuanza juzi. Mwenye alirusha jiwe alikuwa mutoto wa dada yake, kijana muzuri mwenye alikasirika mara moja. Bazee ba familia balikaa, balizungumuza, kisha balitoka inje na neno moja: homa. Tukasema homa. Mie niliambia mama yake Mutale homa, machoni, mara mingi, kila alipokuwa ananiuliza, juu alikuwa anauliza mara mingi. Nilisema mpaka myaka ikapita, na mu kichwa yangu ikakuwa homa kweli. Njo vile nilisimama mbele ya sanduku ya Chola na kusema hakuna. Sikukuwa nabaongopea peke yabo. Nilishajiongopea mie mwenyewe, zamani sana, na nikaisahau.

Ile siku nilienda nyumbani bila kucheka na muntu. Bibi yangu aliuliza kama niko mugonjwa.

Kesho nikarudia, na sasa nilikuwa na haraka ingine. Nikahesabu matone ya ujana yangu, nikahesabu matone ya myaka hii ya karibu, nikaona inakaribiana. Nikarukia pale pale. Nikamuambia Ilunga: basi, nilikosa, zamani haikukuwa muzuri kupita leo, ni sawa sawa, nitaenda kusema vile ku kilio. Yeye alikuwa anachanganya rangi. Akaniuliza wakati tungali bijana avenyu yetu ilikuwa na lupango ngapi yenye bantu. Tukahesabu na bidole, na bidole ilibaki. Akaniuliza leo. Leo mu lupango moja tu unakuta familia ine, na nyuma yabo chumba ya mupangaji.

"Unahesabu benye balikufa," akasema, "na hauhesabu bazima. Matone sawa mu bantu kidogo na matone sawa mu bantu mingi, ni kintu moja?"

Nikamukumbuka ule mwalimu wangu wa hesabu. Pale alipo, nilimuomba musamaa.

Nikafikiri sasa nimepata: basi zamani njo ilikuwa mubaya kupita. Nikaendelea kufungua, na nikaangukia kaye moja yenye ilinichanganya. Myaka mizima, matone haiko. Hata majina iko kidogo. Karatasi safi sawa shuka ya kanisa. Nikafurahi, nikasema hii njo ile zamani yangu, nilijua iko mahali fulani, tulikuwa tunapendana.

Ilunga aliacha rangi. Alitoa miwani, akaipangusa na shati, akachukua wakati mingi ku ile kazi kidogo.

"Ile ni myaka bantu balikuwa banakimbia vita," akasema. "Hakuna muntu alikuwa na nafasi ya kutafuta musalaba. Karatasi iko safi juu benye balikufa habakuandikwa."

Nilifunga kaye. Sikujua unafungaka namna gani kaye ya vile. Nilifunga na mikono mbili.

Kutoka pale, mwana yangu, haikukuwa tena juu ya Kabwe tu. Nilishikwa na hamu ya kujua, mie mwenye nilikimbia masomo. Nilinunua kaye ya shule, nikaanza kuzunguka, na bantu ba avenyu balicheka kama muzee amerudi sekondari. Nilienda kwa mama moja mwenye anaoshaka maiti tangu ujana yake, nikamuuliza ameona nini mu mikono yake. Akaniambia kuko myaka ya visu, kuko myaka ya masasi ya bunduki, na kuko myaka mirefu yenye anaosha bazee na batoto ba homa tu na anasahau sura ya kidonda. Inapanda, inashuka, inapanda tena. Akacheka kidogo, akasema kintu moja tu haishukake: kila mara inapanda, bazee banakuja kumuambia kama haikuwahi kufika vile.

Nikauliza nani tena haiko mu kaye ya Ilunga. Bale bazikwa ku kijiji. Bale ba dini yenye haiweke musalaba. Bale familia ilisema ajali. Bale ba homa. Mutale alipata tone juu muntu moja aliangalia kichwa yake, ngapi habakuangaliwa? Niliandika yote, na kaye ilijaa, na vile ilikuwa inajaa, yenye ninajua ilikuwa inapunguka. Usiku wa mbele ya kumaliza kilio nilikuwa na kintu moja ya hakika mu mukono, kidogo sawa musumari ya kilatu.

Siku ikafika. Bâche ile ile, bukari, ile ugali yetu, samaki, na munkoyo, kinywaji ya mahindi, mu ndoo. Kabwe alikaa nyuma kabisa. Bibi yake alikuwa na mutoto ku mugongo na begi kubwa mbele ya miguu, imefungwa na kamba. Niliona ile begi mbele ya kuona sura yake.

Nikaanza na mambo ya musalani, na suruali ku magoti, na mulango yenye niliambia maneno ya ushujaa. Balicheka mpaka muzee moja alitoa meno yake ya bandia. Niliacha bacheke bamalize. Kisha nikasema ile siku nilisema uongo, na kwa desturi yetu hakuna mwenye alikuwa na ruhusa ya kuniambia. Nikasema wakati ya ujana yetu nilimuona Mutale anakufa na jiwe, na nikaita ile jiwe homa. Nikaona bichwa mbili tatu ya bazee inaangalia chini, juu nabo balikuwa pale ku mupira. Nikasema kama leo tunauana kupita zamani, ao zamani kupita leo, sijue. Tulitafuta na Ilunga, na makaye haikutuambia yote. Yenye ninajua ni hii: ile siku, mu hii lupango, hakukukuwa muuaji. Tulikuwa tunamutengeneza, na kazi ilianza mu kinywa yangu.

Muzee moja akasema munungwe hasemake vile. Nikamuambia iko na haki, basi leo naharibu sheria ingine. Nikageuka nyuma.

"Kabwe, unijibu."

Kabwe akasimama, ule mukono yake nyembamba ameushika na ya pili.

"Nilimufikisha ku bisi," akasema. "Njiani alikuwa ananicheka juu ya kofia yangu ya tukutuku. Alisema iko sawa sufuria ya mama yake. Alipanda mu bisi angali anacheka."

Mama Musonda akainua kichwa. "Sufuria gani?"

"Ile ya sikio moja, mama. Yenye munapikiaka maharagi."

Akafunika uso na kitambaa. Mabega yake ilikuwa inatikisika, na hatukujua analia ao anacheka. Ilikuwa yote mbili. Kisha akapapasa mukeka pembeni yake, akamuita Kabwe akae, akamuambia arudilie tangu mwanzo, pole pole, tangu balipotoka ku mulango, ni nini Chola alisema, na yeye alijibu nini. Ile wakati yote ule mama hakujua neno ya mwisho ya mutoto wake. Ilikuwa kwa jirani, ku milango mitatu tu, na mwenye alikuwa nayo tulimufunga kinywa kisha tukamupiga juu amenyamaza. Kabwe aliongea mpaka chakula ikapoa. Niliona bibi yake anasukuma ile begi na muguu chini ya kiti.

Basi sikia, mwana yangu, njo yenye niko nayo ya kukuachia. Siku muzee anakuambia zamani ilikuwa hivi, na mie pia nikiwa ndani, umupe kiti, umupe maji, kisha umuulize pole: baba, ulijua namna gani? Nani alihesabu? Na bazima balikuwa ngapi? Na nani habakumuandika? Kama anakasirika, ujue umegusa pahali. Kama anacheka na anaanza kutafuta na weye, ule njo muzee, umushike. Usione aibu ya kusema sijue. Mie niliisema mbele ya avenyu nzima na hakuna jino yangu ilianguka. Na usionyeshe muntu kidole pahali yenye hana ruhusa ya kukujibu, hata kama unacheka, hata kama desturi iko upande yako. Kwanza umufungue kinywa. Pengine iko na neno yenye mama ya muntu anangojea.

Mungu akupe masikio kubwa kupita kinywa. Akupe majirani benye batakaa juu yako siku bengine banakuja na fimbo. Akuzeeshe pole pole, na kama unakosa, ukose kidogo kuliko mie, na mapema kuliko mie.

Juma moja kisha, tulikuwa tumekaa na Ilunga mbele ya atelier, jua ingali juu. Kabwe akapita na tukutuku, nyuma amebeba mama na mufuko ya makala, akatupigia honi bila kuangalia, vile banapigiaka bazee. Nilikuwa nangojea Ilunga anisifu kidogo. Alimuangalia Kabwe mpaka akapotea ku kona.

"Ule atazeekea hapa hapa, utaona," akasema. "Na siku moja atakaa na bajukuu yake, atabaapia kama wakati ya ujana yake bantu balikuwa bazuri. Ile siku, Mwape, kama tungali bazima, tumuache aseme."